Mama ameacha dawa zote za steroidi kwa siku moja: je, ni kweli zote ni dawa moja?

Msomaji wa Makorora, jijini Tanga, ameuliza hivi: "Mama yangu ana umri wa miaka 62. Ana pumu ya muda mrefu, na ana kisukari anachokidhibiti kwa vidonge. Kwa miezi minne amekuwa akimeza prednisoloni, vidonge vinne vya miligramu 5 kila asubuhi, na pia anavuta pampu ya rangi ya kahawia. Dukani aliuziwa krimu ya betamethasoni kwa ajili ya muwasho wa mapajani, na sasa daktari wa mifupa amemshauri achomwe sindano ndani ya goti. Jirani amemwambia kwamba vyote hivyo ni steroidi, ni dawa moja, na ni sumu inayoumaliza mwili. Tangu Jumapili ameacha vyote. Analalamika uchovu, kichefuchefu, na kizunguzungu akisimama. Je, jirani amesema kweli? Na Ramadhani inakaribia, mama anataka kufunga."

Dada yangu, shikamoo zangu zimfikie mama. Jambo la kwanza halisubiri maelezo: mama apelekwe hospitali leo hii, Bombo au kituo kingine chenye daktari kilicho karibu zaidi nanyi, na mwende na dawa zake zote zikiwa ndani ya pakiti zake. Mkifika, mwambieni daktari wa zamu kabla ya kumweleza habari nyingine yoyote kwamba mama alimeza prednisoloni miligramu 20 kila siku kwa miezi minne na kwamba ameiacha ghafla. Sentensi hiyo moja inaweza kuokoa muda mwingi, kwa sababu uchovu, kichefuchefu na kizunguzungu ni dalili za magonjwa mengi, na mgonjwa wa aina hii anaweza kutibiwa malaria au tumbo huku chanzo chenyewe kikiwa hakijaguswa. Akianza kutapika, kuchanganyikiwa au kuzimia, hiyo ni dharura kamili, na matibabu yake ni sindano ya haidrokotisoni, kwa kawaida miligramu 100 kwa kuanzia, pamoja na maji ya mshipani na kupimwa sukari.

Sababu ya hatari hiyo ni hii. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo iitwayo adrenali, na tezi hizo mbili hutengeneza homoni ya kotisoli, ambayo huufanya mwili uhimili homa, majeraha, njaa na mshtuko, na husaidia presha ya damu isishuke. Kiasi kinachotengenezwa kwa siku katika mtu mzima mwenye afya kinakaribia nguvu ya prednisoloni miligramu 5 hivi. Mama alikuwa akipokea mara nne ya kiasi hicho kutoka nje. Ubongo ukiona kotisoli imejaa katika damu huacha kuziamuru tezi zifanye kazi, na tezi zisizoamriwa kwa wiki nyingi husinyaa. Siku dawa inapokatwa, tezi haziwezi kuamka asubuhi yake na kuanza kazi kama kawaida. Huhitaji wiki, mara nyingi miezi, na kwa baadhi ya watu hata mwaka mzima. Katika kipindi hicho mwili hauna kotisoli ya nje wala ya ndani, na ndipo presha inaposhuka, sukari inaposhuka, na mtu anapodhoofika kwa namna ambayo familia hushindwa kuielewa.

Kwa hiyo vidonge hivyo vitarudishwa, kisha vitapunguzwa hatua kwa hatua kwa ratiba atakayoipanga daktari. Hatua za mwanzo zinaweza kuwa za haraka kidogo, lakini akikaribia miligramu 5 mwendo lazima uwe wa polepole, kwa sababu hapo ndipo tezi zake zinapotakiwa kushika kazi tena. Ombeni ratiba hiyo iandikwe kwenye karatasi, kwa tarehe na idadi ya vidonge, msitegemee kukumbuka maneno. Na katika miezi hiyo yote, akipata homa kali, akitapika, akipata ajali au akitakiwa kufanyiwa upasuaji, kila mhudumu wa afya anayemwona ni lazima aambiwe, kwa kuwa mwili wake utahitaji dozi kubwa zaidi kwa siku hizo. Mimi hupendekeza mgonjwa wa namna hii awe na kikaratasi ndani ya pochi kinachotaja dawa, dozi na tarehe aliyoanza. Akianguka sokoni Mgandini hakuna atakayejua kumuuliza maswali hayo.

Sasa nije kwenye maneno ya jirani. Amesema kweli kuhusu ukoo wa dawa hizi, na amekosea kuhusu hukumu yake. Prednisoloni ya vidonge, beklometasoni iliyomo ndani ya pampu nyingi za kahawia, betamethasoni ya krimu, na triamsinoloni au methilprednisoloni inayochomwa gotini ni ndugu wote wa ile kotisoli ya mwilini. Zote hutuliza uvimbe na wekundu kwa kuzipunguzia nguvu chembe za kinga. Hazifanyi kazi kama zile steroidi za kujenga misuli zinazotajwa katika habari za michezo. Lakini kinachoamua kama dawa hizi zitamdhuru mama au zitamfaa ni njia inayotumika kuziingiza, nguvu ya dawa yenyewe, na idadi ya siku. Dawa inayomezwa hufika kila mahali, kuanzia kwenye mapafu ambako inahitajika hadi kwenye mifupa, macho na kongosho ambako haihitajiki. Dawa inayovutwa au kupakwa hufanya sehemu kubwa ya kazi yake pale pale inapotua.

Historia yake inalieleza jambo hili vizuri. Mwaka 1948, huko Rochester katika jimbo la Minnesota, Marekani, mgonjwa wa baridi yabisi aliyekuwa hajiwezi alichomwa kotisoni, ndugu wa karibu wa kotisoli, na baada ya siku chache akaweza kutembea. Watafiti Hench, Kendall na Reichstein walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1950, jambo linaloonyesha jinsi dunia ilivyoshangazwa. Haukupita muda mrefu madaktari wakaanza kuona nyuso zikivimba, sukari ikipanda, na mifupa ikivunjika kwa wagonjwa waliotumia dozi kubwa kwa muda mrefu. Kuanzia hapo juhudi kubwa ya wataalamu ilikuwa kuifikisha dawa mahali penye ugonjwa bila kuusumbua mwili mzima: mwaka 1951 ikachomwa ndani ya viungo, mwaka 1952 ikapakwa juu ya ngozi, na mwaka 1972 pampu ya beklometasoni ikaanza kutumika kwa wagonjwa wa pumu. Pampu na krimu ambazo mama ameziacha kwa kuogopa madhara ya vidonge ziligunduliwa ili kumkinga na madhara hayo hayo.

Pampu ndiyo ninayotaka kuisemea kwa kirefu, kwa sababu nadhani mama amekuwa akimeza prednisoloni kwa miezi minne kwa kuwa pampu haikufanya kazi yake ipasavyo. Huku kwetu hilo ni jambo la kawaida mno na huniumiza kila ninapoliona. Mgonjwa hupewa pampu mbili. Moja ina salbutamoli, mara nyingi ya bluu, ambayo hulegeza mirija ya hewa ndani ya dakika chache lakini si steroidi na haigusi uvimbe ulio chini ya tatizo. Nyingine ina steroidi, mara nyingi ya kahawia au rangi inayokaribiana nayo, na haileti nafuu yoyote siku hiyo. Kazi yake huanza kuonekana baada ya siku kadhaa na hukamilika baada ya wiki. Kwa sababu ya bluu inasikika kifuani papo hapo, mgonjwa huiamini hiyo, na ile ya kahawia huiona haina maana, huivuta siku anapobanwa tu kisha huitupa kabatini. Matokeo yake uvimbe hubaki, mashambulizi huongezeka, na kila shambulizi huzimwa kwa vidonge, mpaka vidonge vinakuwa dawa ya kila siku. Someni jina lililoandikwa, msitegemee rangi peke yake, kwa kuwa watengenezaji hawafuati rangi moja.

Kisha kuna namna ya kuvuta. Pampu ikipulizwa moja kwa moja mdomoni, sehemu kubwa ya dawa hugonga koo na kubaki hapo, na sehemu ndogo tu hufika kwenye mapafu. Ndiyo maana tunatumia chombo cha kati, yaani chupa maalumu inayowekwa kati ya pampu na mdomo, ambamo dawa hutulia kabla ya kuvutwa. Kama haipatikani au bei yake ni kubwa, chupa safi ya plastiki ya nusu lita inaweza kufanya kazi hiyo: hukatwa tundu kwenye kitako chake, linalolingana kabisa na mdomo wa pampu ili hewa isivuje, na mgonjwa huvuta kupitia mdomo wa chupa. Chupa ioshwe kwa maji na sabuni na iachwe ijikaushe yenyewe bila kufutwa kwa kitambaa, kwa sababu kuisugua huifanya plastiki inase chembe za dawa. Mama atikise pampu, atoe pumzi yote taratibu, abonyeze mara moja tu, avute polepole na kwa kina, kisha azuie pumzi kwa sekunde 10 kama anaweza. Kama ameandikiwa mara mbili, arudie baada ya nusu dakika. Akimaliza, asukutue mdomo na koo kwa maji na kuyatema, la sivyo anaweza kupata fangasi weupe mdomoni au sauti ya kukwaruza. Mwombeni mfamasia au muuguzi amtazame mama akivuta mbele yake. Kumweleza kwa maneno hakutoshi.

Kiasi cha steroidi katika pampu hupimwa kwa maikrogramu, na maikrogramu 1,000 ni sawa na miligramu moja. Mtu anayevuta maikrogramu 400 kwa siku anapata chini ya nusu ya miligramu, na sehemu kubwa ya hiyo haifiki kwenye damu. Mlinganishe hapo na miligramu 20 alizokuwa akimeza, ingawa dawa hizi hazina nguvu sawa uzito kwa uzito, kwa hiyo ulinganisho wenyewe ni wa kukadiria. Dozi kubwa sana za pampu kwa miaka mingi zinaweza kuathiri mifupa na macho kwa kiasi fulani, lakini dozi za kawaida ni miongoni mwa tiba salama tulizo nazo kwa pumu. Onyo moja ni la lazima: baadhi ya dawa za virusi vya UKIMWI zenye ritonaviri huzuia ini lisiivunje flutikasoni na budesonidi, na hapo hata pampu inaweza kuleta madhara kama ya vidonge. Anayetumia dawa hizo amwambie daktari wake ili achaguliwe steroidi inayofaa.

Vidonge navyo vina heshima yake, nisije nikaeleweka vibaya. Shambulizi kali la pumu la mtu mzima hutibiwa kwa prednisoloni miligramu 40 hivi kila siku kwa siku 5 au 7, na matibabu mafupi kama hayo huokoa maisha na kwa kawaida yanaweza kukatishwa siku ya mwisho bila kupunguza dozi taratibu. Tatizo linaanza wiki zinapopita tatu. Kwa mama mwenye kisukari, vidonge hupandisha sukari, hasa mchana na jioni, kwa hiyo kipimo cha asubuhi kabla ya kula kinaweza kuwadanganya mkaamini mambo ni shwari. Apime pia baada ya chakula cha mchana au jioni. Ameze dozi yote asubuhi baada ya kula, wakati ambapo kotisoli ya mwili wenyewe huwa juu, naye atalala vizuri zaidi usiku. Asichanganye na diklofenaki wala ibuprofeni kwa maumivu ya goti bila ruhusa, maana mchanganyiko huo huongeza uwezekano wa vidonda na damu kuvuja tumboni. Daktari atazame pia macho yake kama kuna mtoto wa jicho au presha ya macho, presha ya damu, na hali ya mifupa. Aulizwe kama aliwahi kuugua kifua kikuu, kwa sababu steroidi nyingi mwilini zinaweza kukiamsha. Na kwa kuwa pwani yetu ina joto na unyevu, daktari afikirie pia minyoo ya strongiloidi, inayoingia kupitia ngozi ya miguu isiyo na viatu na kukaa mwilini miaka mingi kimya. Kinga ikishushwa kwa steroidi inaweza kuzaliana kupita kiasi na kuua. Dawa yake ipo, nayo ni rahisi.

Kuhusu krimu ya mapajani, hapo nakubaliana na mama kuiacha, ila kwa sababu tofauti na aliyopewa na jirani. Muwasho wa mapajani kwa mtu mwenye kisukari, katika joto la Tanga, mara nyingi ni fangasi. Steroidi ikipakwa juu ya fangasi huondoa wekundu na muwasho kwa siku chache, mgonjwa akafurahi, huku fangasi wenyewe wakiendelea kusambaa kwa kuwa kinga ya ngozi imenyamazishwa. Ukiacha krimu muwasho hurudi mkali zaidi, unanunua nyingine, na mwisho alama zake hubadilika kiasi kwamba hata daktari hupata shida kuutambua ugonjwa. Jambo jingine ni kwamba betamethasoni ni krimu kali, na ngozi ya mapajani, kwapani, usoni na kwenye kope ni nyembamba na hunyonya dawa kuliko ngozi ya mkono au mgongo. Ikipakwa huko kwa wiki nyingi huifanya ngozi iwe nyembamba na yenye michirizi isiyofutika. Apate dawa ya fangasi baada ya kuchunguzwa.

Kwa ugonjwa unaoihitaji kweli, kama pumu ya ngozi, krimu ya steroidi ni tiba nzuri sana. Haidrokotisoni ya asilimia 1 ni laini, betamethasoni ya asilimia 0.1 ni kali, na klobetasoli ya asilimia 0.05 ni kali kupita zote zinazouzwa huku, nayo haipaswi kuzidi wiki mbili mfululizo bila uangalizi wa daktari. Kipimo chake ni mstari wa krimu unaotoka kwenye mrija na kufunika pingili ya mwisho ya kidole cha shahada cha mtu mzima. Kiasi hicho kinatosha eneo la viganja viwili. Nasema haya nikijua kwamba klobetasoli inauzwa kama krimu ya kung'arisha uso, na kwamba wapo wasichana wanaomeza deksamethasoni ili wanenepe. Vipodozi vyenye steroidi vimepigwa marufuku nchini, na sababu naiona katika nyuso za watu: chunusi, vinyweleo, mishipa midogo iliyojitokeza, na ngozi inayowaka kila wanapojaribu kuacha. Anayenenepa kwa deksamethasoni anajaza mafuta usoni na tumboni huku misuli na mifupa yake ikipungua. Miligramu 0.75 tu ya dawa hiyo ina nguvu ya prednisoloni miligramu 5, na mtu aliyeimeza kwa miezi yuko katika hatari ile ile aliyomo mama leo.

Sindano ya goti inaweza kungoja. Si sindano mbaya. Huchomwa ndani ya kiungo chenyewe kwa usafi mkubwa, na hupunguza maumivu kwa wiki chache, wakati mwingine kwa miezi, ingawa haijengi upya gegedu iliyolika. Kwa kawaida haichomwi goti moja mara nyingi zaidi ya mara moja kila miezi mitatu. Lakini sehemu ya dawa huingia kwenye damu, na kwa mgonjwa wa kisukari sukari inaweza kupanda kwa siku kadhaa, hivyo ni vyema tezi za mama na sukari yake zitulie kwanza, na daktari wa mifupa ajue habari yote ya vidonge. Goti likivimba, likawa la moto na kuuma zaidi siku chache baada ya sindano, arudi hospitali mara moja, kwa kuwa hiyo inaweza kuwa dalili ya usaha. Na mtu akimshauri achomwe steroidi ya kukaa mwezi mzima katika msuli ili apumzike na pampu, akatae: ikishaingia haiwezi kutolewa, na husambaa mwilini kama vidonge.

Njia nyingine nizitaje kwa ufupi kwa faida ya wasomaji wengine. Dawa ya kupuliza puani kwa mafua ya mzio ielekezwe upande wa nje wa pua, si kwenye ukuta wa katikati, na itumike kila siku kwa wiki kadhaa kabla ya kusema haifai. Matone ya macho yenye steroidi yasinunuliwe kamwe bila jicho kupimwa, kwa sababu yanaweza kupandisha presha ya jicho kimya kimya na kulipofua, na yakitiwa kwenye jicho lenye kidonda cha virusi hukiharakisha. Wajawazito wanaotarajiwa kujifungua kabla ya wakati huchomwa deksamethasoni au betamethasoni msulini ili mapafu ya mtoto yakomae, na tiba hiyo wasiikatae kwa kusikia neno steroidi, kwa maana ni sindano chache za siku mbili tu na faida yake kwa mtoto imethibitishwa tangu utafiti wa New Zealand uliotangazwa mwaka 1972.

Imebaki Ramadhani. Mwaka huu, maadamu tezi zake hazijaamka na dozi bado inapunguzwa, ushauri wangu ni asifunge mpaka daktari wake aridhike, kwa sababu saa nyingi bila maji na chakula kwa mtu mwenye kisukari na upungufu wa kotisoli zinaweza kumrudisha katika hali aliyo nayo leo. Sura ya Al-Baqara, aya ya 184 na 185, imempa mgonjwa ruhusa ya kuzilipa siku nyingine, na shehe wa mtaa wenu atamweleza kwa undani. Daktari akija kumruhusu, vidonge vitamezwa wakati wa daku baada ya kula, pampu ya steroidi itavutwa wakati wa daku na baada ya futari, na ile ya bluu itakuwa karibu naye saa zote. Akibanwa mchana aivute bila kungoja magharibi, na kama pumzi haikufunguka baada ya kuivuta, mpelekeni hospitali.